Jamila na Jamira

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyenilisha kwa vidole vyangu kumi mpaka nikastaafu.

Siku yangu ya kwanza ofisini Jinja, Karani Mkuu alinionyesha kompyuta akasema, "Dada, hii kitu inatii kuliko askari. Sasa wewe chunga unaiamrisha nini." Yeye ndiye aliyenifundisha ruwaza: badala ya kutafuta neno moja, unaieleza mashine sura ya maneno. Luganda huandikwa r baada ya e na i, kwingine l, lakini sisi wachapaji tulizichanganya kama tulivyozitamka. Basi kwenye kutafuta niliandika ([ei])l, yaani e au i inayofuatwa na l. Kwenye kubadilisha, $1r: irabu ileile irudi, l iwe r.

Baadaye nilihamishiwa Mbale. Meneja, Mkenya mwenye haraka, alinipa hati ya urithi wa kiwanja, iliyoandikwa kwa Luganda. Mjane kutoka Wanale alikuwa akiingoja, pamoja na shemeji yake aliyekitaka kiwanja hicho na mwenyekiti wa kijiji aliyekuja na muhuri.

"Hajati, bonyeza Badilisha Zote," Meneja alisema. "Unaogopa itakuuma?"

Nilibonyeza. Kisha nikaisoma hati yote, maana sikuiamini mashine, na shemeji nilimshuku zaidi. Kweli, jina la mjane, Jamila, lilikuwa limegeuzwa Jamira. Nikairudisha l kwa mkono kila mahali, nikijisifu moyoni.

Shemeji alisoma, akatabasamu. "Huyu Jamila ni nani? Mwenyekiti, angalia kitambulisho."

Mjane alikitoa polepole. Kilisema Jamira.

"Walioniandikisha waliandika hivyo," alisema. "Mimi ni Jamila tangu kuzaliwa. Hajati, si ungeniuliza?"

Niliona aibu. Nilikuwa nimemshuku kila mtu, na mwenye jina alikaa kwenye benchi hatua tatu kutoka mezani kwangu. Nikamwomba anitajie jina lake mwenyewe, nikaandika: Jamila, ambaye kitambulisho chake kinasema Jamira. Mwenyekiti alisoma mara mbili, akapiga muhuri. Shemeji alitoka bila kuaga.

Sasa nimestaafu, niko Bugembe. Majirani wakiniletea hati, mimi huwauliza majina kwanza, halafu ndipo naigusa kompyuta. Shaka bado ninayo, lakini Mungu ameipunguzia kiburi.

Wewe unayesoma, Mola akulindie haki yako, na akupe subira kwa wanaokosea jina lako.