Tuliporudi Tunduma Bila Eliza

Wengi wenu hapa Korogwe mmeniuliza kwa nini nimerudi kutoka mpakani nikiwa sina la kusimulia, mimi ambaye mwaka juzi niliwachosha kwa hadithi za safari ile ile. Nitasimulia, ila mnivumilie, maana si safari ya kujivunia.

Kundi letu la maigizo lilikwenda Tunduma mara ya kwanza na igizo la muziki, lenye magitaa ya umeme na dramu. Ni kisa cha binti wa kijiji cha ujamaa anayetaka kupiga gitaa. Wazee wanamkataza, wanasema anakiaibisha kijiji, mpaka siku anapolipiga mkutanoni na wazee wenyewe wanainuka kucheza. Watu walilipenda mno. Wengine walivuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakarudi kwao wakiimba nyimbo zetu. Aliyekuwa akiimba kama huyo binti ni Eliza, mzaliwa wa Mbozi Mission, na kule walimwona ni mtoto wao. Walipoomba turudi, walikuwa wanamwomba yeye.

Lakini wiki chache kabla ya safari, Eliza alionekana ana mimba. Kiongozi wetu, Bwana Kitwana, alituita akasema igizo linafunza vijana, na msichana mwenye mimba bila mume hawezi kupanda jukwaani. Nafasi yake nikapewa mimi. Baba wa mtoto tulimjua sote. Ni Shabani, mpiga dramu wetu. Yeye hakuambiwa abaki.

Buguruni, tulikokuwa tunapanga chumba kimoja mimi na Eliza, ni yeye aliyenifundisha nyimbo. Alikaa kitandani akinisahihisha, na gauni lake la kitenge akalipunguza kiunoni linikae. Asubuhi ya kuondoka aliniambia neno moja tu.

"Ukifika kwetu, mama asijue."

Nikamwahidi.

Ndani ya treni, tulipovuka mbuga na kuanza kupanda milima baada ya Mlimba, wenzangu walishangilia kila tulipoingia handakini. Mimi nilikaa karibu na Shabani. Alikuwa akigonga ukingo wa dirisha kwa vidole, akijipimia mapigo. Nilimuuliza kama amemuaga Eliza.

"Kiongozi amesema ninyamaze mpaka msimu uishe," alijibu.

"Na msimu ukiisha?"

"Tutaona, Rehema."

Akaendelea kugonga. Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa, maana na mimi nilikuwa nikiimba chini chini kufuatisha vidole vyake.

Vwawa, jirani na kwao Eliza, treni iliposimama, wanawake wauza ndizi walikimbilia madirisha yetu. Walitutambua. Mmoja, kitambaa cheupe cha kwaya kichwani, alipitisha macho behewa zima.

"Eliza wetu yuko wapi?"

Bwana Kitwana aliwahi kujibu. "Hajambo sana, mama. Anaumwa kidogo, amebaki hospitali."

"Hospitali? Mama yake anajua?"

Treni ikaondoka. Bwana Kitwana alijifuta jasho akatuambia kwamba sasa hayo ndiyo maneno yetu sote. Hakuna aliyembishia.

Tunduma tulipokelewa tena na Mama Mwajuma, mwenyeji wetu wa mara ya kwanza, mke wa mfanyabiashara aliyehamia pale kutoka Kondoa. Miaka ile sukari ilikuwa shida nchi nzima, lakini alituwekea chai tamu, akacheka akasema mpaka nao una faida zake. Kisha naye akamuulizia Eliza, akaambiwa yale yale. Alikwenda kuukunja mkeka mmoja na kuurudisha ndani. Alikuwa amemtandikia.

Maonyesho yalikuwa katika ghala tupu la mazao, yakianza alasiri ili watu wa mbali wafike makwao kabla ya giza. Siku ya kwanza ghala lilijaa hadi milangoni. Walikuwepo madereva wa malori ya Zambia, wafanyabiashara, vijana wa shule, na wakulima waliotoka mbali kule Ndalambo. Kabla hatujaanza, Bwana Kitwana alisimama mbele.

"Ndugu wananchi, dada yetu Eliza yu mgonjwa. Tumkumbuke kwa dua, kila mtu kwa imani yake."

Kofia zilivuliwa. Mwanamume mmoja wa Ndalambo aliomba kwa Kinamwanga kwa sauti, na wenzake wakaitikia amina. Nami nilisimama nyuma ya pazia, ndani ya gauni lake.

Niliimba vibaya, na bado walinipigia makofi. Walipokuja kunishika mkono walisema, "Mungu akubariki kwa kumsaidia mwenzio." Ningependelea wanizomee.

Kesho yake, kabla ya saa sita, lori la kahawa lilimshusha mama mmoja mwembamba mbele ya nyumba ya Mama Mwajuma. Alibeba mfuko wa unga wa ulezi, na blanketi limekunjwa chini ya kwapa. Nilimjua kabla hajasema, maana paji la uso lilikuwa la Eliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia kwa wauza ndizi. Nimekuja tuondoke wote nikamuuguze."

Bwana Kitwana alitoka, akasema madaktari hawaruhusu wageni. Mama Eliza alimsikiliza kwa heshima, akamshukuru kwa kumtunza binti yake. Kisha Bwana Kitwana akaenda ghalani, tukabaki wawili uani. Pale kwenye kamba lilianikwa gauni. Mama alilishika pindo, akaligeuza.

"Hili nililishona mimi. Nani amelipunguza?"

"Eliza mwenyewe."

"Mgonjwa anashona?" Alinitazama bila ukali. "Mwanangu, yuko hospitali gani?"

Nilikuwa nimeahidi kunyamaza. Lakini mbele ya ule unga wa ulezi ulimi ulikataa kutaja hospitali. Nikamwambia yote, nikiwa nimeinamisha kichwa. Aliliachia pindo la gauni.

"Na mwanamume?"

Kutoka ghalani dramu zilikuwa zikisikika, zinakazwa ngozi.

"Ndiye huyo anayepiga."

Alitega sikio. "Mara ile walipofika," alisema, "nilimchinjia kuku."

Nilimwomba msamaha. Aliuliza tu onyesho linaanza saa ngapi.

Alasiri hiyo alikaa mstari wa mbele, mfuko wake miguuni. Bwana Kitwana alisimama tena, akaanza, "Ndugu wananchi, dada yetu yu mgonjwa." Mama Eliza akainuka. Hakupaza sauti, lakini watu walimsikia.

"Binti yangu haumwi. Ana mimba, na hawa wamemwacha. Mwenye mtoto ni yule mwenye fimbo za dramu. Kanisani nitasemwa Jumapili. Heri nisemwe kwa la kweli kuliko watu wa Mungu waombee uongo."

Akaketi.

Shabani aliweka fimbo chini. Bwana Kitwana aliniashiria nianze kuimba, nami sikuweza kufungua kinywa. Sikutegemea walivyofanya watu wa Tunduma. Hawakutupa kitu, hawakuzomea. Waliinuka mmoja mmoja, wakapita mbele ya yule mama kumpa mkono, wakatoka. Mama Mwajuma alikuwa wa mwisho, akamshika bega wakatoka pamoja. Tulibaki na spika zetu na jenereta likiunguruma bure.

Kurudi, mama alisafiri nasi. Shabani alitaka kumbebea mfuko, mama akauhamishia mkono wa pili. Mpaka Makambako kijana yule alikuwa amesimama mlangoni mwa behewa, kwenye baridi. Hatimaye alikuja, akapiga magoti akasema anataka kwenda kwao Eliza na wazee wake kuposa.

"Kamwambie Eliza kwanza," mama alimjibu. "Si mimi niliyeachwa."

Buguruni, Eliza alifungua mlango, akamwona mama yake, kisha akaniona mimi.

"Nilikwambia asijue," aliniambia.

"Angenyamaza," alisema mama, "ningekuwa bado naomba upone ugonjwa usiokuwepo." Akaingia, akauliza jiko liko wapi.

Eliza hajanisemesha sawasawa mpaka leo, wala simlaumu. Kwa Shabani bado hajatoa jibu. Bwana Kitwana ananitaka kwa maonyesho ya Mbeya, nami nimekataa. Nimejifunza kwamba tulikuwa tukiimba kila siku habari za wazee wanaomkataza binti, na hatukuwatafuta wazee hao miongoni mwetu. Nilikuwa mmoja wao, na nilifika hadi mpakani ndipo nikalijua hilo.