Turbo ya kutoka Dar kwenye gari ya Kigali: nilisahau kuuliza usukani uko upande gani

Wakuu, kabla hamjaitikia salamu nikiri ujinga wangu mapema, ili wa kucheka acheke sasa hivi tupate utulivu.

Niling'oa injini nzima, inayowaka, kutoka kwenye gari iliyokuwa inatembea. Nikaleta injini ya turbo ambayo ninyi wenyewe mlinishauri humu humu. Haikukaa.

Na haikukaa kwa sababu moja: nyote mlionishauri mnaendesha upande wa kushoto wa barabara, na mimi naishi Kigali.

Ninayoandika yametokea kweli. Ningekuwa natunga ningejipa nafasi nzuri zaidi kwenye hadithi.

Nijieleze kidogo. Nimekulia Ngara, nikamaliza form four, halafu familia ikarudi Rwanda. Sasa tunakaa Gisozi, mimi na mama yangu mzazi. Mimi ni mtu wa nyumbani kabisa. Wenzangu Jumamosi wanatoka kwenda kutembea, mimi natembea kutoka kitandani hadi kwenye kochi. Hata kazi yangu ni kuvisha makochi vitambaa, na nyingi naifanyia hapa hapa uani.

Mtu kama huyo anatafuta nini kwenye sports car? Swali zuri. Mama aliuliza. Jirani yetu Mama Divine, aliyekulia Bujumbura na ulimi wake hauna breki, aliuliza mara mbili.

Gari aliiacha marehemu baba. Ya Kijapani, milango miwili, iko chini chini, ilitoka Ubelgiji, kwa hiyo usukani wake uko kushoto kama magari ya huku yanavyotakiwa. Aina siitaji, wenye nazo watanivamia. Kwa sura ni gari ya mashindano. Kwa moyo ni mzee wa kwaya. Injini ilikuwa dhaifu lakini ilikuwa inawaka kila asubuhi bila kubembelezwa.

Na ilikuwa na kazi moja ya maana. Kila Jumapili ya pili ilimpeleka mama Ndera kwa dada yake.

(Wa Kigali tulieni. Najua huku ukisema unakwenda Ndera watu wanakuangalia kichwani kwa sababu ya ile hospitali ya wagonjwa wa akili. Mama mkubwa anakaa huko ndani zaidi, kwenye mashamba.)

Mama ana magoti mabovu. Moto, yaani bodaboda ya huku, hapandi, basi hapandi. Mama mkubwa ni mzee zaidi, anashinda kitandani, na masikio yameshachoka. Kwenye simu mama anapiga kelele mpaka mtaa mzima unajua kuwa tumekula ndizi, na yule wa upande wa pili anakata kwa bahati mbaya.

Kwa hiyo hao dada wawili walikuwa na hiyo Jumapili tu. Hiyo Jumapili ndiyo niliyoichezea.

Ilianza na video. Unajua ukikaa sana kwenye kochi simu inakuonea huruma, inakuletea watu wa nchi za mbali wanaojenga magari ya turbo kwenye banda la bustani. Nikaona mbona na mimi nina ua.

Nikaanzisha uzi humu, nikasema nina gari fulani, bajeti ya kubana, nataka turbo. Majibu yakaja kama mvua. Mkuu mmoja akaandika, "Plug and play, wiki moja unawasha." Kama upo, mkuu, mimi bado nipo kwenye hiyo wiki.

Nikaagiza injini kutoka Dar, imekatwa kwenye gari iliyotoka Japani, na turbo yake imening'inia pembeni kama konokono wa chuma. Kazi ya huyo konokono ni kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini. Ya zamani nikaahidi kuitoa kama sehemu ya malipo ikishang'olewa. Nasikia sasa iko Musanze inazungusha msumeno wa mbao. Inajituma kuliko mimi.

Nikamtafuta Fundi Jafari wa Biryogo. Fundi mzuri, mswalihina, anafanya kazi huku redio inaimba. Akaja nyumbani na vifaa vyake, akaing'oa ya zamani kwa siku moja. Mama alikuwa ameketi barazani anachambua mchele. Akaniuliza kama Jumapili gari itakuwa tayari. Nikamwambia Jumapili ijayo utakwenda Ndera unapaa.

Siku ya kuishusha injini mpya, Jafari alizima redio.

Wakuu, fundi akizima redio, kaa chini.

Akaniita. Akanionesha kwa tochi. Kule kwenu usukani uko kulia, kwa hiyo Mjapani akaiweka turbo kushoto, kwenye nafasi. Kwangu shafti ya usukani inashuka kushoto. Injini ya zamani haikuwa na kitu cha kutokeza upande huo, ikawa inapita. Hii mpya konokono wake alikuwa anataka kukaa pale pale shafti inapopita.

"Kaka," Jafari akasema, "hapa chagua. Uende haraka au ukate kona."

Nikasema lazima kuna njia. Akasema ipo, tuhamishie usukani kulia. Nikamuuliza hiyo gari nitaiandikisha wapi, akasema hilo halikuwa kwenye maswali aliyoulizwa.

Nikarudi kwenye uzi wangu kuwauliza. Mnakumbuka mlivyonijibu? Mmoja alisema, "Duh." Mwingine aliweka picha ya gari yake. Usukani kulia.

Basi nikaingia awamu ya pili ya ujinga: kutengeneza bomba letu wenyewe la kutoa moshi kwenye injini, ili turbo ikae mahali pengine.

Watu wenye pesa wanaagiza. Mimi nina Agakiriro hapo chini, soko la mafundi, na wachomeleaji ninaowajua kwa sababu ya fremu za makochi. Nikampelekea mmoja ambaye kazi yake ni mageti na vitanda. Akapima, akachora kwa chaki sakafuni, akaniuliza kwa heshima kama napenda liwe na maua. Nikasema hapana. Akasikitika.

Bomba la kwanza liliinua turbo juu. Kila kitu kikaenea vizuri, isipokuwa boneti haikufunga. Mama akasema gari inaonekana kama mjusi anayeota jua.

La pili liliitoa turbo mbele. Boneti ikafunga. Tukawasha. Wakuu, nisidanganye, ule mlio ulinipa machozi. Dakika chache hivi nikawa mtu mwingine. Halafu ikasikika "ta", bomba likapasuka kwenye maungio, na moshi ukajaa uani. Mama Divine akachungulia kwenye ukuta akauliza kama tunachoma takataka, maana zinatakiwa kupelekwa na gari la takataka.

La tatu lilipasuka kabla sijafika geti.

Hapo miezi ilikuwa inapita. Kila Jumamosi jioni mama alikuwa anatoka barazani, anaiangalia gari, ananiangalia mimi, anasema neno moja tu: "Kesho?"

Hakugomba hata siku moja. Ningeona afadhali agombe.

Najua mnauliza kwa nini nisikodi gari. Nilikodi mara mbili. Mara ya kwanza dereva alisubiri huku mita inahesabu, na kule mama mkubwa kila neno linasemwa mara tatu ndipo linaingia. Walipomaliza salamu, mama akaona aondoke. Ya pili hivyo hivyo. Ukimwachia dereva aende, wa kukurudisha kule ndani humpati. Ya tatu mama akakataa.

Ndipo Alhamisi moja akapiga simu mjukuu wa mama mkubwa, yule anayemuuguza. Alizunguka weee, mwisho akasema bibi ameanza kukataa chakula. Anasema mdogo wake amekufa na watu wanamficha. Wakimpa simu haisikii vizuri, anasema hiyo si sauti ya mdogo wake.

Nilimwambia mama nakodi gari sasa hivi. Alikuwa anakunja kitenge. Hakuinua uso.

"Nikienda na mita nitakaa dakika kumi," akasema. "Atasema nimekuja kuaga. Mimi nataka kushinda kwake."

Wakuu, nilitoka nikaenda kusimama uani mbele ya ile gari. Boneti wazi, bomba limepasuka, turbo inaning'inia kwa waya. Nikampigia Jafari nikamwambia njoo uitoe.

Akauliza injini?

Nikasema turbo. Toa konokono, ziba, funga, nataka kitu kinachofika Ndera Jumapili.

Hapa niwafundishe jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Injini iliyozaliwa na turbo ukiinyima turbo, hairudi kuwa ya kawaida. Inakuwa chini ya kawaida. Ilitengenezwa ikijua itasukumiwa hewa, kama mtoto aliyezoea kulishwa kwa kijiko. Ukimwachia sahani anakaa tu anakutazama. Jafari aliniambia hivyo huku anafunga nati. Nikamwambia funga.

Kwa hiyo jumlisheni wenyewe. Miezi yote ile, mabomba matatu, uani kote oili, nimechukua gari iliyokuwa inakwenda polepole nikaifanya iende polepole zaidi.

Lakini Jumapili iliwaka.

Nilimpakia mama asubuhi, kitenge kipya, kikapu miguuni. Tukashuka Gisozi vizuri maana mteremko haudai injini. Kupanda kwenda Remera tulipitwa na kila kitu chenye magurudumu. Mama alikuwa anawapungia mkono. Zile kamera za spidi barabarani nilizokuwa naziogopa toka siku ya kwanza, nilizipita zote kifua mbele. Hakuna kamera ya kumkamata mtu kama mimi.

Tulipofika, mama mkubwa alikuwa amelazwa kibarazani kwenye mkeka. Mama akaketi chini kando yake, na kwa magoti yale kuketi chini ni safari. Mama mkubwa akampapasa uso, masikio, akashuka mpaka kwenye mikono, akaigeuza ile mikono juu chini kama anatafuta alama. Kisha akamwambia umekonda. Akaomba uji.

Walishinda pale mpaka jua linaelekea kushuka. Sijui waliongea nini, nilikuwa nimelala kwenye gari. Nimeshawaambia mimi ni mtu wa namna gani.

Sasa funzo, maana nyuzi za humu bila funzo mods wanahamisha.

Ukiomba ushauri wa gari, muulize kwanza anayekushauri amekaa upande gani wa gari. Hiyo moja. Ya pili, usiing'oe injini inayowaka mpaka uwe umeipimia mpya nafasi yake kwa macho yako, hata kama ni kwa mbao na kamba. Na kama kuna mtu anaitegemea hiyo gari, ujue huchezi na chuma, unachezea miguu ya mtu.

Turbo ninayo, iko chini ya kochi moja la mteja. Sitaki kuiuza. Msiniulize kwa nini.

Aliyefanikiwa kuweka turbo ya Japani kwenye gari ya usukani kushoto, kwa bajeti ya kubana kweli kweli, aje hapa chini na picha. Na mliosema plug and play pia mje, sina kinyongo, nataka tu kuwaona.

Ila sijawaeleza tulivyorudi.

Tulifika Gisozi jioni ile, kukiwa bado na mwanga. Mama mbele, nyuma gunia la viazi vitamu tulilopewa. Pale chini ya mlima wetu tukamkuta Mama Divine anatoka kwenye mkutano wa kanisa, na viatu vyake vya kisigino. Nikasimama nimpe lifti. Akaitazama gari, akasema asante, atatembea. Nikatia gia ya kwanza nikaanza kupanda.

Gari ikapanda, ikafikiri, ikapanda, ikafikiri. Katikati ya mlima ikaacha kupanda ikabaki kufikiri. Nikavuta hendibreki, nikaiwasha, ikazima, nikaiwasha tena. Mama alikuwa amekumbatia kikapu chake, mabega yanacheka.

Ndipo nikasikia mtu anagonga kioo changu. Mama Divine, safari hii na kandambili, kanga kiunoni, anateremka kutoka juu. Nikashusha kioo. Akamsalimia mama kwanza, kwa adabu zote, halafu akanigeukia mimi:

"Weye sha, mimi nimepanda na viatu vya kanisa, nimefika, nimebadili, nimewasha imbabura ya makaa, nimeweka maharagwe, nimerudi. Na weye iko hapa hapa. Basi ngoja nikuambie, ile maharagwe itaiva mbele hujafika."