Mashine Haiendi Kulala na Njaa

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoiogesha mashine ya zege ikang'aa kuliko shati langu la Jumapili, kisha nikaandika uongo juu yake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwendesha mashine katika ujenzi wa wodi ya wazazi huko Mkolani. Kuta zilikuwa zimepita madirisha masika yaliposimamisha kazi. Fundi wetu mkuu, Mzee Rwegasira, Mhaya mpole aliyetafuna buni za kahawa kutwa nzima, aliniagiza niiandae mashine ikalale stoo.

"Mashine haiendi kulala na njaa," alisema. "Jaza dizeli hadi shingoni. Mwaga oili chafu, weka mpya. Kwangua zege ndani ya ngoma, ipake grisi. Kisha uandike kwenye kibao ulichofanya."

"Kibao cha nini, mzee, na atakayeiamsha ni mimi mwenyewe?"

"Kwani una mkataba na kesho?"

Nilicheka. Alasiri ile kulikuwa na mechi Kirumba, na miguu yangu ilishatangulia uwanjani. Nikaisugua mashine kwa sabuni, nje tu, nikaifunika turubai ingali imelowa. Tangi lilikuwa na dizeli robo. Kwenye kibao nikaandika: YOTE TAYARI. (Timu yangu ilifungwa, kama unataka kujua.)

Mvua ilipokatika tukapanga siku ya kumwaga lenta, ule mkanda wa zege unaoshika kuta zote. Lenta humwagwa siku moja, bila kukatiza. Kina mama wa mtaa walikuja na ndoo zao za maji bila kuitwa, maana mwenzao mmoja alikuwa amejifungulia njiani akikimbizwa mjini. Wodi ile ilikuwa yao.

Nikashika hendo ya kuwashia, nikazungusha. Kimya. Nikazungusha hadi jasho likaniingia machoni.

Mzee akasoma kibao, kisha akafungua tangi. Hewa ya ziwa letu ina unyevu, mwanangu, na tangi lenye nafasi hutoa jasho kwa ndani. Maji yalikuwa yamekaa chini ya dizeli, na pampu imeshika kutu. Ndani ya ngoma, zege la zamani lilikuwa limegeuka jiwe.

"Kijana!" akaita Mama Kulwa, ndoo kichwani. "Bwana harusi umemwogesha, chakula hukumpa!"

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Uvivu ningekusamehe," alisema. "Ungeandika 'dizeli sijajaza', ningeijaza mwenyewe wiki ile ile. Lakini uliandika ili nisiangalie. Mficha uchi hazai, na leo umetaka kuwakosesha wengine pa kuzalia."

Kisha akavua koti, akashika beleshi. Nikashika langu. Tulichanganya zege chini, kwa mikono, wanaume kwa wanawake, na jua lilipoelekea kuzama lenta ikafunga kona ya nne. Viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu. Nilingoja nifukuzwe. Mzee akanipa punje ya buni na spana: "Kesho fungua pampu, uone kazi yako."

Nilifungua kwa siku tatu, nikichora kila kipande kwenye daftari. Chuo cha ufundi sikukiona, mwanangu. Chuo changu kilikuwa pampu ile.

Wahenga husema akiba haiozi. Mimi nimeiona ikioza chini ya turubai safi. Kwa hiyo chochote unachokilaza, safisha ndani kabla ya nje. Kausha kabla ya kufunika, na uache hewa ipite. Kiinue juu ya magogo, ardhi isikinyonye. Tena, zaidi ya yote, andika ulichofanya na ambacho hukufanya, kwa sababu atakayekiamsha huenda asiwe wewe.

Juzi tulitoa mashine ya kushindilia udongo iliyolala miezi minane. Neema, fundi wetu mdogo kuliko wote, alikuwa ameandika kwenye kibao: "Oili nimebadili. Kichujio sijabadili, hakikupatikana." Tukaweka kichujio kipya, ikawaka tulipojaribu mara ya pili. Nilikisoma kibao kile mara mbili, na moyo wangu ukatulia.

Mungu akujalie mikono isiyokimbilia mechi na kalamu isiyoona haya kusema kweli. Na kila utakachokilaza, kiamke.