Dirisha la Chumba cha Mama

Leo nimejua kwa nini chumba cha mama kilikuwa na giza.

Niko Mpui, nakarabati nyumba ya wazazi baada ya kuishi Tanga karibu maisha yangu yote.

Nilitaka mwanga. Nikaagiza dirisha kubwa la aluminiamu kwa upande wa shamba. (Najua, baridi ya huku! Lakini nilitaka lipendeze.)

Asubuhi fundi akatoboa ukuta. Matofali yakatoka upesi mno.

"Mzee, hapa palikuwa na dirisha. Lilizibwa."

Jua likaingia hadi kitandani. Kwa furaha nikamwita dada yangu Veronika, ambaye hajawahi kuhama hapa, aje asifie.

Akasimama mlangoni. Hakusifia.

"Kaka, unauona ule mkaratusi? Chini yake amelala Kornelio."

Kornelio ni mtoto wa kwanza wa wazazi wetu, aliyefariki kabla sisi hatujazaliwa. Jina nilikuwa nalijua. Kaburi sikuwahi kuonyeshwa.

"Mama ndiye aliyeomba dirisha lizibwe," akasema. "Alisema hawezi kuamka kila siku anamwona mwanawe analala nje kwenye baridi."

Fundi akashusha nyundo. Anauliza tuweke kioo au turudishie matofali.

Ninyi mngemjibu nini?

Sasa jua linazama na upepo umeanza. Nimeshika blanketi nizibe lile tundu, lakini kila nikitazama nje, naona kuna anayelihitaji blanketi hili kuliko mimi.