Jiwe Ndani ya Kitenge

Pasi ya makaa ikipita juu ya kitenge chenye unyevu, harufu ile hunirudisha Mugunga, kwenye kambi ya wakimbizi, mbele ya moto wa kuni mbichi.

Tulikuwa tumefika jana yake kwa miguu, mama, mimi na mdogo wangu ambaye alikuwa bado hajaanza kutembea. Tulikuwa tunakimbia vita. Njiani mama alikanyaga vibaya kwenye mawe ya volkano, kifundo cha mguu kikateguka. Kwetu milimani mguu ulioteguka hukandwa kwa moto. Basi asubuhi ile nilitia jiwe jeusi motoni, nikalifunga ndani ya kitenge kilicholowa, nikakandamiza pale palipouma. Kila nilipokanda mguu ulizidi kuvimba, ngozi ikang'aa kama ya bilinganya.

"Mama, inazidi kuvimba."

"Ni maumivu iko inatoka. Kanda tu, mutoto yangu."

Jiwe likaniponyoka, likaniunguza vidole. Mama alinidaka mkono, akautumbukiza kwenye beseni la maji ya ziwa, akaushikilia humo mpaka nikaacha kulia. Yalikuwa baridi sana, na hakuna aliyefikiria kuutia humo mguu wake.

"Imepoa?"

"Imepoa."

"Basi rudisha jiwe ku moto."

Adhuhuri risasi zikasikika karibu, watu wakaanza kuhama tena. Mama alijaribu kusimama mara mbili, mara mbili akakaa.

"Mutangulie," akasema.

Akamfunga mdogo wangu mgongoni mwangu kwa kitenge kile kile. Kilikuwa bado na joto la jiwe.