Askari wa Deraya na Mashua ya Shaibu

Mume wangu, Ussi, ndiye fundi rangi wa mashua hapa Utende. Chombo chochote ufukweni kwetu chenye namba zilizonyooka, jua kimepita mikononi mwake. Mkono wake hautetemeki na hana haraka, na huko kukosa haraka ndiko kulikotutia aibu.

Ilikuwa mwaka ule watu wa hifadhi ya bahari walipokubaliana na kijiji kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu, kisha kuufungua kwa siku mbili tu. Mgeni mmoja mzee wa hotelini alimwona Ussi akiandika namba kwenye boti, akapendezwa. Siku ya kuondoka akamwachia boksi la askari kumi wa plastiki, wa Ulaya ya kale, warefu kama kidole gumba, wamevaa deraya, yale mavazi ya chuma ya vitani, mwili mzima, wengine juu ya farasi. Wote walikuwa kijivu tupu, eti awapake rangi.

Nilikasirika. "Sanamu za watu ndani ya nyumba, Ussi? Na utu uzima wote huo?"

"Safia, hebu tazama uso huu," akasema. "Chuma kitupu, pamebaki upenyo wa macho tu. Nitayapakaje?"

Basi, akili yake ikahamia huko.

Wakati huo mashua ya Shaibu, rafiki yake tangu chuoni kwa maalimu, ilikuwa juu ya magogo. Ilipandishwa na bamvua, maji yale makubwa, na ingeshushwa bamvua linalofuata, wiki mbili baadaye, siku zilezile za kufungua mwamba. Shaibu angewapeleka wanawake sita wa mtaa wetu mwambani, na kwa pweza wake mwenyewe angemwezekea mama yake nyumba kabla ya masika. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Kilindoni, naye Shaibu yuko huko anamuuguza. Alimwachia Ussi mashua pamoja na kopo la rangi ya kijani aliyoichanganya kwa mkono wake, ambayo hakuna chombo kingine kilichokuwa nayo.

Siku ya kwanza Ussi alikwangua rangi ya zamani. Ya pili akachovya brashi kwenye lile kopo, lakini si kwa ajili ya mashua. Aliipunguza brashi kwa wembe zikabaki nywele tatu, akabana pumzi, akapaka ngao ya askari. Kila nilipomkumbusha alijibu, "Kesho, mke wangu, ile ni kazi ya siku mbili." Nami, Mungu anisamehe, nilishaanza kukaa karibu yake nikitazama manyoya ya kofia zao yakigeuka mekundu. Sikumhimiza nilivyopaswa.

Aliianza mashua siku moja tu kabla ya mwamba kufunguliwa. Asubuhi yake Shaibu akafika na watu wa kuisukuma, wakaigusa, viganja vikageuka kijani.

"Nimepaka tangu Jumatatu," Ussi akasema bila kumtazama. "Unyevu huu, ndugu yangu. Imekataa kukauka."

Shaibu akanigeukia. "Kweli, shemeji?"

"Kweli," nikasema.

Mwamba ulikuwa wazi siku mbili. Wale wanawake walikaa ufukweni na vijiti vyao vya kuchokolea pweza, wakitazama wenzao wa vyombo vingine wakirudi na mizigo. Mmoja alipoanza kumsema Ussi, Shaibu ndiye aliyemtetea. "Mwacheni fundi, unyevu hakuuleta yeye." Niliona aibu hadi nikashindwa kula. Mashua ilishuka siku ya tatu, mwamba umeshafungwa.

Wiki iliyofuata Shaibu alikuja kutupa habari za mama yake. Ussi alikuwa msikitini. Nilikuwa namtilia chai nilipokumbuka kwamba sijashusha pazia, na askari wote kumi wamepangwa dirishani. Nilipogeuka alishamshika mmoja, mwenye ngao ya kijani chake. Akapitisha kidole gumba juu ya ile ngao.

"Huyu alikauka siku gani, shemeji?"

Nikamwambia chai inapoa. Akamrudisha mahali pake taratibu, akanywa chai yote, akashukuru, akaaga.

Siku hizi mashua yake anaipaka mwenyewe. Mistari imepinda, namba zimepanda na kushuka, na Ussi akiiona huinamisha kichwa. Mimi, Shaibu hunisalimu vilevile, huniuliza hali na watoto. Ila tangu siku ile hajaniuliza tena kama jambo ni kweli.