Sindano ya Baba Mkwe

Pale zahanati walimwita Taratibu, na jina lilimkaa. Alitembea taratibu, aliongea taratibu, hata kidonda alikifunga kama mtu anayemvisha mtoto nguo mpya. Wenye haraka walinung'unika kwenye foleni, ila kina mama wenye watoto wachanga walikuwa tayari kusubiri mpaka awe huru yeye.

Alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na tisa, na kati ya hiyo, kumi na miwili aliishi nyumba moja na baba mkwe wake, fundi seremala. Karakana ya mzee ilitazamana na zahanati. Barabara tu iliwatenganisha. Lakini heshima iliwatenganisha zaidi. Mkwe akiingia sebuleni, mzee hutafuta shati. Mzee akikohoa mlangoni, mkwe husimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Kazini hawajambo?"

"Hawajambo."

Basi, yameisha mpaka kesho. Mume wake aliwacheka: "Nyinyi wawili mnaongea kama simu yenye salio la mwisho."

Kazini alikuwa na jambo moja ambalo hakulifanyia mzaha: mzio mkali. Alipokuwa bado mwanafunzi, aliletwa mtoto wa miezi saba aliyeonjeshwa maziwa ya ng'ombe kwa mara ya kwanza. Mtoto alikuwa ametapika, akalia kwa sauti iliyokwaruza, kisha akalegea mikononi mwa mama yake kama nguo iliyolowa. Vipele havikuwa vingi. Taratibu alidhani ni usingizi.

"Huyu halali, huyu anatuponyoka!" Sista mkuu alimnyakua mtoto, akamdunga adrenalini pajani, kipimo cha kichanga. Baada ya dakika chache mtoto alilia kilio cha kweli, na wodi nzima ikashusha pumzi.

"Mtu mzima atakwambia koo linabana," sista alimwambia baadaye, bila ukali. "Kichanga hana maneno. Usome mwili wake."

Tangu hapo aliwaona wengine. Mwanafunzi wa darasa la pili aliyepewa na mwenzake biskuti yenye karanga. Mama mmoja aliyechomwa penisilini, akaanguka hata kabla hajashusha mkono wa gauni. Kila umri ulikuja na sababu zake, ila dawa ya kwanza ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni kipimo. Kwa hiyo karibu na mlango wa zahanati aliweka kisanduku cha bati chenye vichupa vya adrenalini, mabomba ya sindano na karatasi ya vipimo. Kila Jumatatu alikikagua. Wenzake walimtania kwamba anakagua vichupa kama bibi anayekagua mayai ya kuku wake.

Jumanne moja asubuhi, fundi wa vanishi wa pale karakana aliingia anahema.

"Dada! Mzee ameumwa na nyigu. Walijificha kwenye rundo la mbao."

"Wangapi?"

"Wawili tu. Lakini uso umevimba, ametapika, anasema kifua kinabana."

Taratibu alishika kisanduku na kuvuka barabara mbio. Bibi mmoja wa foleni aliapa kwamba siku hiyo ndipo alipojua yule sista ana miguu.

Alimkuta mzee ameng'ang'ania meza ya kazi, anajiinua. Midomo ilikuwa minene, na pumzi zilipiga filimbi.

"Nakuja mwenyewe, mama. Nitafika."

"Usisimame, baba. Lala."

"Nitalalaje mbele ya mkwe..."

"Baba, lala!"

Miaka kumi na miwili, hakuwahi kumpandishia sauti. Mzee akalala palepale juu ya maranda. Taratibu akamwekea gunia mgongoni ili apumue, miguu akaipandisha juu ya mbao. Mapigo ya mkononi yalikuwa membamba, yanakimbia. Alijua kwamba mzee ana miaka sitini na sita, ana presha, anameza vidonge vya moyo. Alijua pia kwamba moyo wa mzee unavumilia sindano kuliko unavyovumilia kuchelewa.

Mkono wa mzee ulishika mkanda wa suruali kwa nguvu zote zilizobaki.

"Haivuliwi, baba. Sindano inapita humohumo."

Akamdunga ubavuni mwa paja, katikati, kupitia kitambaa, akatazama saa. Fundi wa vanishi akatumwa kupiga simu hospitali waje na gari. Dakika tano zilipita. Filimbi ya pumzi haikutulia. Akamdunga ya pili.

Safari hii rangi ilianza kurudi, kwanza kwenye masikio.

"Mbona natetemeka?" mzee aliuliza.

"Ni dawa. Uache moyo ukimbie, utatulia wenyewe."

Hakuachia mkono wake mpaka gari lilipofika, na hata ndani ya gari hakuuachia.

Hospitali walimwekea maji na oksijeni, wakasema halali nyumbani, kwa sababu mzio wa namna ile huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Mzee akabisha kwamba amepona. Jioni vipele vikamtoka kifuani, akaacha ubishi.

Asubuhi yake, wakiwa wawili tu, alikiri. Mwaka uliopita aliwahi kuumwa na nyigu, akatokwa na vipele tele, akajipaka mafuta na kunyamaza.

"Baba! Mbona hukuniambia?"

"Vipele vilikuwa mgongoni. Ningekuonyeshaje mgongo wangu wewe?"

Taratibu alicheka mpaka akashika kitanda, na kicheko kikageuka kilio bila kumwomba ruhusa. Mzee akamwekea mkono kichwani.

"Nyamaza, mwanangu. Nimekaa na binti miaka yote hii, namkaribisha kama mgeni."

Daktari alimbadilishia kidonge cha moyo, kwa kuwa kile cha zamani kiliipunguzia sindano nguvu, na akamwagizia sindano ya kutembea nayo. Wiki iliyofuata Taratibu aliwafundisha mafundi wote kuitumia, kwa kutumia penseli na paja la fundi wa vanishi, aliyelalamika kwamba wanafunzi wanamdunga kwa furaha mno.

Lakini kabla ya hapo, siku ya kutoka hospitali, gari liliwashusha njia panda, na mzee akachoka kabla hawajafika nyumbani. Wakaketi kwenye ngazi za duka lililofungwa, bega kwa bega. Taratibu akamuuliza kitu alichotamani kujua tangu aolewe: mama mkwe, ambaye hakuwahi kumwona, alikuwa mtu wa namna gani?

Mzee alinyoosha miguu ngazini.

"Alikuwa anaimba vibaya sana," akasema, akitabasamu. "Na hakuna aliyethubutu kumnyamazisha." Kisha akaendelea kusimulia, na wala hakuna aliyekumbuka kuinuka.